Lugha Aliyoninyima Mama

Ndugu zangu, mniruhusu nisimame hivi hivi, nikikaa nitalia kabla sijaanza. Wengi wenu mnanijua kama yule dada wa kadi, kwa sababu kwenye duka la uchapaji pale River Road ndiyo kazi yangu: kadi za harusi, kalenda, programu za mazishi. Naandika furaha na vilio vya watu wengine siku nzima. Leo mwenyekiti wa kundi letu hili amesema nieleze ya kwangu. Majina sitataja, hata la mama yangu, ingawa mnamwona pale amekaa karibu na dirisha.

Nimelelewa hapa hapa Riruta, chumba kimoja, mimi na mama. Baba alikufa nikiwa mtoto wa mgongoni. Mama alifanya kazi ya nyumba Loresho, kwa familia moja tu, miaka mingi. Alitoka jua halijachomoza, akarudi nikiwa nimeshawasha jiko. Na nawaambia ukweli, maneno niliyosikia kutoka kwake yangeweza kutosha kwenye kiganja. Oga. Kula. Soma. Funga mlango. Lala.

Hakunichapa, hakuniacha na njaa. Lakini jirani yetu mlango wa pili alikuwa anamwita binti yake majina matamu, anamtania, wanacheka mpaka ukuta unasikia. Mimi nilikuwa nalala nikisikiliza vile vicheko na kujiuliza, huyu wangu ameumbwaje? Nilimwogopa kidogo, na pia nilikuwa na hamu naye. Sijui kama mnanielewa. Unaishi na mtu na bado una hamu naye.

Jina langu ni la Kijaluo, kila mtu akilisikia anajua. Lakini Kijaluo chenyewe, hata salamu sikuwa nayo. Desemba ikifika, watoto wa ploti yetu wanapelekwa ushago, kijijini kwao, sisi tunabaki. Niliwahi kumuuliza, "Mama, sisi kwetu ni wapi?" Akaniambia, "Kwetu ni hapa." Nikamuuliza tena mwaka mwingine. "Kwetu ni hapa. Soma."

Basi nikasoma, nikapata kazi, nikapata mtoto wangu wa kike, ambaye sasa yuko sekondari. Mama akastaafu, akabaki kwenye chumba chake kile kile. Jumapili nampitia baada ya ibada, tunakunywa chai, redio inaongea kwa niaba yetu sote wawili. Namuaga, ananiambia, "Enda salama." Ndivyo tulivyokuwa. Hatukuwa na ugomvi. Ugomvi nao unahitaji maneno.

Halafu asubuhi moja mama akaanguka akianika nguo. Majirani wakamkimbiza hospitalini, nikamkuta mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havisikii. Kiharusi. Siku za kwanza hakutoa sauti kabisa. Nikamleta kwangu, daktari akanionyesha namna ya kumgeuza na kunyoosha vidole, akasema nimpe uji laini kwanza mpaka koo lipate nguvu.

Sauti ilipoanza kurudi, nilikuwa namfuta uso. Akafungua mdomo, polepole, akasema jambo. Nikainama, "Mama, unasema?" Akarudia. Sikuelewa hata silabi. Nilidhani ni ulimi umelegea. Lakini kadiri siku zilivyokwenda maneno yakawa yananyooka, na ndipo nikatambua kwamba mama yangu anaongea vizuri kabisa, ila anaongea Kijaluo. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Nikimwambia "mama, kunywa maji," ananitazama vile unavyomtazama mgeni kwenye stendi.

Daktari aliniambia hutokea. Mtu anaweza kupoteza lugha aliyojifunza ukubwani, ile ya utotoni ikabaki. Akasema, "Una bahati, ongea naye ya nyumbani." Nikaitikia kwa kichwa, nikatoka nje.

Ninyi mtaniuliza, Riruta yote hii imejaa Wajaluo, kwa nini hukuita hata mmoja? Aibu, jamani! Mtu mwenye jina kama langu nikagonge mlango niseme, nifasirieni mama yangu? Na yeye hakutaka kuonekana. Mtu akibisha hodi alikuwa anavuta leso hadi kwenye macho. Binti yangu alijaribu simu, ile ya kutafsiri. Mama akaongea, simu ikaandika mambo ya kuku na serikali. Tukazima.

Kulikuwa na maneno aliyoyarudia kila siku. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto wenye nguvu akasema, "Kech kaya. Kech kaya." Machozi yanamtoka. Mimi na Kiswahili changu nikasikia hiyo kaya. Kaya si ni nyumbani? Nikaunganisha: mama amezeeka, ameugua, anataka kurudi kwao akafe kwenye udongo wake. Nikamletea uji, akausukuma. Nikasema, kweli, mtu anayetaka kwenda kwao hata chakula hakimwingii.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta huko kwao ni wapi. Nikampata, kupitia watu na watu, ndugu wa marehemu baba. Sauti nzito kwenye simu. Akasema, "Mlete. Tumemngoja siku nyingi." Ile kauli ilinikwaruza kidogo, lakini nikafurahi. Nikakodi gari la kumlaza. Safari ikawa Jumamosi.

Jumatano nikaenda kuomba ruhusa kwa bosi. Bosi wangu ni Kalasinga, mzee, kilemba chake hakijawahi kukaa upande. Tumefanya kazi miaka mingi, mazungumzo yetu ni wino na karatasi. Akauliza, "Mama anaendeleaje?" Nikamwambia anataka nyumbani.

"Amekuambia?"

"Kila siku anasema kaya, kaya."

Akavua miwani. "Anasemaje hasa? Sema vile anasema."

"Kech kaya."

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Dada yangu. Hiyo si kaya ya nyumbani. Kech ni njaa. Kech kaya, njaa inaniuma. Mama yako ana njaa."

Nilikuwa nimesimama na bunda la kadi za harusi mikononi. Sikumbuki nililiweka wapi. Nilimuuliza tu, "Wewe umejulia wapi?" Akasema, "Mimi nimezaliwa Kisumu. Baba alikuwa na duka. Kijaluo nilikijua kabla ya Kiingereza. Twende."

Akafunga duka mchana kweupe! Wale wa mashine walidhani kuna msiba. Njiani akasimama akanunua samaki wa kukaanga, akaniuliza kama nina unga nyumbani.

Tulipoingia, mama alivuta leso kama kawaida. Bosi akainama mlangoni, akasema kwa sauti ya upole, "Amosi, mama." Nakusalimu. Leso ikashuka. Mama akatazama kilemba, akatazama ndevu, akatazama ule mfuko wa samaki. Akasema sentensi moja ndefu, na yule mzee akaegemea ukuta akacheka mpaka akafuta macho.

"Amesema nini?"

"Anauliza, tangu lini Wahindi wanaleta samaki mpaka kitandani, au ndio soko limeharibika hivyo?" Akanitazama. "Mama yako ni mcheshi sana."

Ndugu zangu, mngeniambia mama yangu anajua kuendesha ndege nisingeshangaa kama nilivyoshangaa hapo. Mcheshi? Mama yangu? Nikamtazama. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka.

Nilipika ugali laini, tukachambua miiba yote, akala taratibu, akala tena. Akasema uji ni wa watoto, na kwamba amenielezea kila siku mpaka akaona labda nimeamua kumwadhibu. Bosi alipofasiri hayo, ilibidi nitoke nikaoshe sufuria iliyokuwa safi.

Niliporudi nikamwambia, "Muulize. Anataka nimpeleke ushago Jumamosi?"

Akamuuliza. Uso wa mama ukabadilika. Akaanza kuongea, anakwama, anatafuta neno, anaendelea. Bosi naye akawa anafasiri kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Alisema walipomzika baba yangu, ndugu wa baba waliamua yeye arithiwe na shemeji yake mkubwa. Wake za huyo shemeji walikuwa wanatembea na mikono iliyofungwa matambara, kwa kipigo. Mama akakataa. Wakamwambia, basi nenda, lakini mtoto ni wetu, muache. Alfajiri akanifunga mgongoni akapita katikati ya mahindi, umande umemlowesha hadi kiunoni, hadi barabarani. Sasa sikilizeni. Alisema, "Nikiwa njiani niliapa, huyu mtoto sitampa lugha ambayo wataweza kumwitia arudi."

Ile sauti nzito ya kwenye simu, ile ya "tumemngoja siku nyingi," ilikuwa ya huyo shemeji. Na mimi nilikuwa nimeshakodi gari.

Nikamwambia bosi, "Muulize kwa nini basi hata kwa Kiswahili hakuniambia kitu. Hata neno zuri moja."

Mama alinishika mkono kwa ule wa kushoto. Akasema, "Kiswahili nilijifunzia Loresho. Nilijifunza kile nilichoambiwa. Osha. Pika. Funga mlango. Maneno mengine hakuna aliyeniambia. Nilikupa yote niliyokuwa nayo."

(Nipeni maji kidogo. Asante.)

Safari ya gari niliifuta jioni ile. Yule wa kwenye simu alipiga mara kadhaa, nikamwambia mama anasema kwake ni hapa. Sijamsikia tena.

Sasa nisiwadanganye kwamba baada ya hapo ilikuwa asali. Kuna siku nilimkasirikia mama mno. Nilikuwa nimeanza kuokota maneno mawili matatu, nikamwambia kwa Kijaluo changu kibovu kwamba mimi nilikuwa mkubwa tayari, angeniambia. Akasema aliogopa. Ningewafuata huko kuwaona, kwa vile napenda kuuliza uliza. Na ni kweli ningeenda.

Lakini udadisi huo huo ndio uliotuponya. Saa ya chakula bosi ananifundisha, kwenye vipande vya kadi zilizoharibika. Aliniambia watoto wake wako ng'ambo. "Nawaongelesha Kipunjabi, wananijibu Kiingereza. Hatugombani. Ila kuna vichekesho siwezi kuwaambia, vikivuka vinakufa." Nikaanza kumhurumia, yeye akaanza kuwapigia simu mara nyingi zaidi. Nami aibu ikapungua, nikagonga mlango wa jirani, nikaomba. Wakina mama wakajaa chumbani kwangu.

Na hapo nikakutana na mama yangu. Kumbe usichanani alijulikana kijiji kizima kwa kuigiza watu! Na bado anaweza, kwa mkono mmoja na nusu ya uso. Aliigiza yule bibi aliyemwajiri Loresho akitafuta miwani iliyo kichwani kwake. Alimwigiza mchungaji, sitasema yupi. Halafu siku moja akaigiza mtoto anayetembea ameinua mabega, anaongea peke yake, anahesabu mawe kwa mguu. Wale wakina mama wakacheka. Mimi nikauliza ni nani huyo. Akaninyooshea kidole. Mimi, nikitoka shuleni. Miaka yote niliyodhani hanitazami.

Binti yangu alikuwa mlangoni na simu yake. Akasema, "Matha, kumbe shosho ni mnoma hivi!" Matha ni mimi mama yake, shosho ni nyanya yake; hayo nayajua. Nikafungua mdomo nimwambie aongee lugha ya watu, nikajikuta nimeufunga. Nikamuuliza, "Mnoma ndiyo nini?" Akanitazama kama nimeota pembe. "Ni kusema ni mkali. Yaani, anaweza." Akakaa kitandani. "Kwani unataka kujua zingine?" Nikamwambia ndiyo. Jioni ile binti yangu aliniambia habari nyingi za shule yake kuliko muhula mzima uliopita, nikimkatiza kila sentensi kuuliza maana, na hakukasirika. Sasa nyumba yetu ina lugha tatu, Kijaluo, Kiswahili na Sheng, na hakuna hata moja tunayoiongea sawasawa.

Namshukuru yule mzee wa River Road, ingawa alikataa kuja, anasema akisifiwa kilemba kinambana. Nawashukuru wauguzi walionifundisha kumnyoosha mama vidole. Nawashukuru ninyi wa kundi hili mlioshika zamu kukaa naye mimi nikiwa kazini, na mlioniletea dagaa kila mara kana kwamba ni dawa. Namshukuru Mungu kwamba alimwachia mama lugha moja.

Kiswahili cha mama kimeanza kurudi, neno hapa neno pale. Juzi aliniambia "kula," nikala huku nalia, kwa sababu sasa najua lile neno lilikuwa limebeba nini.

Fundisho langu ni dogo. Ukimwona mzazi wako ni mkavu, au mtoto wako ni bubu mbele yako, usiharakishe kusema ndivyo alivyo. Huenda hujamsikia bado katika lugha anayochekea. Muulize jambo ambalo kweli hulijui. Kisha kaa, usimsaidie kujibu.

Nilitaka kuongeza mengine, lakini mama ananiita pale dirishani. Anasema nimeongea vya kutosha, watu wana njaa.