Masikio Mawili Yaonekane

"Marekebisho ya Pili ya Mwongozo wa Vipimo vya Picha za Vitambulisho vya Wanahabari." Jina hilo, ukilivua koti, linasema hivi tu: picha ionyeshe masikio yote mawili. Dada yetu mwandishi, mtetezi wa haki za wanawake, amepanga chumba juu ya duka la viatu, mkabala na kijiwe chetu. Ndiye aliyefichua kwamba kiwanda cha nguo kiliwafungia washonaji wake wa kike kwa kufuli, hata moto ulipowaka hawakuwa na pa kutokea. Leo kesi inasikilizwa. Jana kitambulisho chake kilifutwa: nywele zimefunika sikio la kushoto. Na mwandishi asiye na kitambulisho haruhusiwi kuingia mahakamani. Basi sisi, na vikombe vyetu vya kahawa, tukakaa kulijadili sikio.

WARAKA (karani mstaafu, kalamu haimtoki mfukoni): — Jamani, utaratibu ni utaratibu.

INJINI (fundi magari): — Acha zako, mzee! Mbona wa habari za michezo wanapigwa picha na kofia?

WARAKA: — Kofia ni vazi. Nywele ni mwili. Vifungu tofauti hivyo.

KINYOZI: — Angekuja kwangu ningemnyoa bure, sikio litokeze kama mkono wa kikombe.

INJINI: — Wangeligeukia na la kulia! Hawa wanapima masikio, nakwambia. Mwenye makubwa anasikia mengi, anazimwa mapema.

KINYOZI: — Kumbe ndiyo maana wakubwa wenyewe hawatusikii! Yao walishayapunguza.

WARAKA: — Mnatania. Iko mashine huko, ikipiga picha sikio inasoma yote uliyowahi kusikia.

INJINI: — Weee! Mke wangu asiijue hiyo!

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Hatukumwona mama aliyesimama mbele yetu, kovu la moto limempanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, kaka zangu. Naomba mnielekeze mahakamani. Mimi ni shahidi, wa kule kiwandani.

— Marahaba, binti, akajibu Waraka, sauti imeshuka.

— Huyo dada mnayemsema aliniahidi atakuwepo.

— Wamemzuia, mama, akasema Kinyozi. Mlangoni wanamjua ni mwandishi, bila kitambulisho haingii.

— Na mtu ambaye si mwandishi?

Waraka akajinyoosha. Hapo palikuwa uwanja wake.

— Anaingia bila shaka! Mahakama iko wazi kwa raia wote. Kifungu kipo.

— Haulizwi kitambulisho?

— Cha nini? Unaingia, unakaa, unasikiliza.

Mama akatutazama mmoja mmoja, sisi na vikombe vyetu mkononi.

— Sasa nyie mbona mko hapa?

Waraka aliipapasa kalamu yake. Injini akamnyooshea muuza kahawa kikombe. Birika lilikuwa tupu. Kinyozi akanyoosha kidole barabarani:

— Kata kulia hapo mbele, mama. Jengo lenye ngazi.

Kesi ilisikilizwa asubuhi hiyohiyo. Mama yule alitoa ushahidi mbele ya hakimu, karani na mawakili wa kiwanda. Mwandishi alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi. Viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu.