Aliyewafundisha Tumbili Kumwogopa

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mzee Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha uani cha nyumba ya fundi viatu, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba, na alipokuwa na miezi mitano mama yake alifariki dunia, akalelewa na shangazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, na tarehe 2 Februari 1977 aliajiriwa kuosha vizimba katika kituo cha kulelea wanyama yatima, akapanda hadi kuwa mlezi mkuu, na huko ndiko alikopata jina lake, kwani alitembea na chupa za maziwa mifukoni, huku vitoto vya tumbili vimemganda kifuani kama vifungo vya shati.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye ni mkunga, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 6 Juni 1984 kituo kiliwaachia msituni tumbili kumi na wanne aliowalea kwa mkono wake, nao walijua kukwea na kuchambuana manyoya bila kufundishwa, maana hayo wanazaliwa nayo, lakini hofu huzaliwa nayo nusu tu, mtoto wa tumbili hupiga mlio wa hatari hata jani likidondoka, mpaka wakubwa wamwonyeshe tai ni yupi, na hawa hawakuwa na mkubwa mwingine ila marehemu. Siku kumi na moja hazijatimia, kumi na wawili walikuwa wameshaliwa, na wawili waliobaki walirudi kwenye mlango wa jiko la kituo, wamekumbatiana. Marehemu hakugusa chakula, na mama alipombembeleza alimjibu, "Mama watoto, niliwafundisha kunipenda, basi."

Tangu hapo aliwachanganya wadogo na tumbili jike mzee, chongo, aliyeokolewa mtegoni, akawa anaburuta ngozi ya chatu mbele ya kizimba, bikizee yule akipiga ukelele na wadogo wakimwiga, siku baada ya siku, mpaka wakaijua hatari kwa sura yake. Likabaki somo la mwisho, kumwogopa binadamu, na hilo hakumwachia mtu mwingine, aligonga makopo na kuwarushia mabonge ya udongo, na mmoja wa wale wawili waliorudi, aliyelala kifuani mwake miezi saba, alimkimbilia akidhani ni mchezo, bonge likampata begani, naye hakumsogelea tena. Kati ya ishirini na wawili walioachiwa mwaka 1986, kumi na tisa walikuwa hai mwaka uliofuata.

Sisi wanawe tulikua na baba asiyetubeba wala kutushika mkono, tukamnung'unikia, na mama alipotuambia, "Baba yenu anaiogopa mikono yake," hatukumwelewa.

Alistaafu mwaka 2017, na mwaka 2021 akaanza kuugua mapafu. Tarehe 20 Aprili mwaka huu wa 2023 aliomba apelekwe ukingoni mwa msitu, wenzake wakampeleka kwa gari la kituo, na jike mmoja mwenye mtoto aliyemganda tumboni alipomwona alipiga mlio, kundi zima likatokomea juu ya miti. Marehemu alilia, akasema, "Hivyo hivyo, wanangu," na dada yetu mkubwa alipomshika mkono, hakuuondoa.

Alifariki tarehe 14 Mei, saa nane mchana, wodini, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupokea zamu za kumuuguza, na wafanyakazi wenzake wa kituo, hasa waliombeba mgongoni kumshusha garini siku ile, maana miguu ilikuwa imemwishia nguvu.

Baba, umechoka, lala kwa amani.