Orpha Stalnaker, Aliyepeleka Chakula cha Msiba kwa Mbunge

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko garini, na wewe uliyelala hapo na mashine yako ya hewa, jioni njema. Hii ni redio yenu ya bonde la Birch Lick. Leo sifungui kwa muziki. Marehemu mwenyewe alinikataza. Aliniambia, "Nikifa usinipigie zile nyimbo za kuliza watu. Ongea. Tena ongea kwa sauti."

Basi naongea.

Orpha Stalnaker amefariki. Amefariki Jumapili asubuhi, nyumbani kwake, kitandani kwake, akiwa na miaka hamsini na tisa. Aliishi na kisukari tangu utotoni. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Orpha wetu, Orpha wa saluni, amefariki.

Na hili nalo naomba mlisikie vizuri. Hakufa kwa kukosa dawa. Insulini yake ilikuwepo kwenye friji, pale mlangoni, karibu na mayai. Moyo ulichoka tu. Kilichomchukua Orpha ni ugonjwa, si sheria ya mtu. Wengine mtasema ni kitu kidogo. Kwa Orpha hicho ndicho alichokipigania, na amekipata.

Alizaliwa hapa hapa, baba yake akiwa mchimba makaa. Kisukari kilimpata akiwa na miaka minane. Dada yake mkubwa, Bi Wilda, amenisimulia juzi, tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Hospitali walimfundisha mama yao kuchoma sindano kwa kufanyia mazoezi kwenye chungwa. "Mama aliliweza chungwa," Bi Wilda anasema. "Ila alipofika kwa mtoto, akawa anachoma hewa. Orpha akamnyang'anya ile sindano. Akajichoma mwenyewe pajani. Kisha anatuangalia sote tumeduwaa, anauliza, 'Mnatazama nini? Chakula kiko wapi?'"

Daktari wa wakati ule aliwaambia wazazi wasitegemee sana. Huyu, alisema, thelathini hafiki. Alisema Orpha akiwa amekaa pale pale, anasikia. Siku alipotimiza thelathini, Orpha alioka keki kubwa ya chokoleti, akamkatia yule daktari kipande, akampelekea mpaka mlangoni. "Kula wewe," akamwambia. "Mimi siruhusiwi."

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji wapendwa.

Saluni yake mnaijua. Sebule ya mbele, viti visivyofanana, na harufu ya dawa ya nywele iliyochanganyika na maharage yaliyoko jikoni. Jicho lake la kushoto lilipozimika kwa sababu ya kisukari, tulidhani atafunga. Wapi! Akawa anawaambia wateja, "Upande wa kulia nakuhakikishia. Wa kushoto ni bahati nasibu." Na watu waliendelea kuja. Binti yangu nywele zake za kwanza zilikatwa pale. Alitoka na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na sijawahi kumwona mtoto aliyependeza vile.

Sasa nifike kwenye ule mswada.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Bunge la jimbo lilileta mageuzi ya huduma za afya. Bima kwa walio wazima ingeshuka bei. Hilo ni jema, na wengi hapa walilipenda. Lakini wenye magonjwa ya kudumu wangetolewa kwenye bima ya wote na kuwekwa kwenye mfuko wao peke yao. Mfuko ukijaa, au fedha zikiisha, wanaobaki wakae kwenye foleni. Narudia: wagonjwa wa kudumu watengwe, na mfuko ukiisha, wasubiri. Kisukari, figo, mapafu, viungo, wote humo.

Tulimwomba mbunge wetu, Mheshimiwa Randall Teter, aje tuzungumze. Kila tukipiga simu, Mheshimiwa ana kikao. Tukienda, ametoka sasa hivi. Orpha aliyemnyoa huyo Randall tangu hajaota ndevu, naye akaambiwa ametoka sasa hivi, na gari lake analiona hapo uani.

Basi siku moja Bi Beulah Minnick yuko kwenye kiti cha saluni. Bi Beulah ana mapafu mabovu, anatembea na mtungi wa hewa. Anasema zake, "Hawa watu wanatuzika tukiwa hai, mwenzangu." Wanawake wakaguna. Orpha akasimamisha mkasi.

"Tunazikwa?"

"Tunazikwa."

"Sasa mbona sijaona mtu analeta chakula?"

Hapo, Bi Beulah ameniambia, mle ndani wakaanza kucheka mpaka ikabidi yeye aongezewe hewa ya mtungi.

Nyinyi mnajua tunavyofanya huku milimani mtu akifa. Hakuna anayeuliza. Unawasha jiko la kuokea, unapika, unabandika plasta yenye jina lako chini ya bakuli, unapeleka kwa wafiwa. Na wafiwa nao, baada ya mazishi, wanakiosha kile chombo na kukirudisha kwa mkono wao. Hutumi mtu. Huachi kibarazani. Unaingia, unakaa, unazungumza. Ziko koo hapa Birch Lick ambazo hazisalimiani mpaka leo kwa sababu ya bakuli ambalo halikurudi enzi za mababu.

Alhamisi ile wakaenda ofisini kwa Mheshimiwa. Mbele Orpha, na chungu chake cha maharage na mfupa wa nguruwe. Nyuma yake Bi Beulah na viazi vya kuoka vyenye jibini. Mzee Okey Propst, anayesafishwa figo, na mkate wa mahindi aliouoka mwenyewe, umeungua pembeni. Wengine na maandazi ya soseji, wengine na pai. Wagonjwa watupu. Kila mtu na lake, kila mtu na chombo chake, na jina chini.

Pale mapokezi alikuwepo Tawny, msichana wa hapa hapa, mwenye adabu zake. Kuona vile vyakula, akasimama, mkono kifuani. "Jamani poleni! Nani amefariki?"

"Sisi," Orpha akajibu. "Bado kidogo. Pokea mwanangu, cha moto hicho."

Na Tawny akapokea! Angefanyaje? Mtoto wa milimani, analetewa chakula cha msiba, anapokea tu. Akapokea maharage, akapokea viazi, akapokea mpaka ule mkate ulioungua. Meza ya Mheshimiwa ikajaa. Orpha akasema, "Mwambie Randall tunampa pole, amefiwa na sisi." Wakaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa sababu ukishapokea, unarudisha.

Mheshimiwa Teter huenda angesahau. Lakini Mheshimiwa ana mama. Mama Icie Teter, Mungu azidi kumweka, ana miaka themanini na kitu na masikio ya paka. Habari zilimfikia kanisani. Akampigia mwanawe simu, na haya ameniambia mwenyewe huku anajifuta machozi kwa kucheka.

"Randall, una vyombo vya watu?"

"Mama, hiyo ni siasa tu."

"Sikukuuliza siasa. Nimekuuliza vyombo. Na chakula umekula?"

"Nimeonja."

"Umeonja nini?"

"Viazi."

"Viazi vya Beulah! Hivyo si vya kuonja. Umekula. Osha, urudishe."

"Nitamtuma dereva, Mama."

"Mwanangu mimi arudishe chombo cha msiba kwa mkono wa dereva? Nikae wapi kanisani? Nikae wapi, Randall?"

Basi akaenda mwenyewe. Nyumba kwa nyumba, na bakuli mkononi. Kwa Bi Beulah alikaa karibu na mashine yake ya hewa, ikawa lazima apige kelele ili asikike. Kwa Mzee Propst alimkuta ametoka kusafishwa figo, hana nguvu hata ya kusimama. Mzee akamwambia, "Samahani, mkate uliungua." Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Orpha.

Yaliyotokea pale ameyashuhudia Nedra, binti yake Orpha, na ndiye aliyenipa ruhusa niyaseme.

Mheshimiwa aliingia na chungu. Orpha akamwonyesha kiti cha saluni. "Kaa. Nywele zimeanza kukutokea masikioni." Akamfunga shuka shingoni. Kabla ya kuanza, akajitoboa kidole, akapima sukari, akajichoma sindano tumboni, hapo hapo mbele yake, kama mtu anayefunga kifungo. Kisha akashika mkasi.

Mheshimiwa akaanza. "Bi Orpha, unielewe. Wasio wagonjwa nao wanalia. Wanalipa bima kubwa kuliko kodi ya nyumba. Lazima mageuzi yafanyike."

"Nani amekwambia mimi siyataki mageuzi? Nayataka kuliko wewe. Wewe hujawahi kumpigia mtu wa bima ukiwa umeshikilia simu mpaka sukari inashuka."

"Mfuko wenu utakuwa na fedha. Nimeahidiwa."

"Zikiisha?"

Mkasi unalia tu.

"Nimekuuliza, Randall. Zikiisha?"

"Mtasubiri kidogo."

"Insulini haisubiri. Nikikosa leo, kesho natapika, keshokutwa sijitambui. Sasa wewe nionyeshe. Humu ndani, nikasubirie wapi? Pale kwenye kochi? Kitandani? Nionyeshe mahali, nikakae."

Nedra anasema yule mtu alikaa anajitazama kwenye kioo, shuka shingoni, na upande mmoja wa kichwa haujakatwa. Mwisho akasema, "Siwezi kukuahidi kitu, Bi Orpha."

"Sikukuomba ahadi. Inama, nimalizie."

Wasikilizaji wapendwa, siku ya kura Mheshimiwa Teter alipiga hapana. Hakuwa peke yake, walikuwepo wengine wachache wa upande wake. Mswada ukaanguka. Narudia: mswada ule ulianguka.

Sitawaficha, si wote waliofurahi. Dallas wa duka la matairi alimnunia Orpha miezi mingi, maana bima yake haikushuka. Alimwambia mbele ya watu, "Wewe mama, mimi ndiye ninayekulipia wewe." Orpha akamwambia, "Ndiyo, unanilipia. Na ulipovunjika mgongo nilikulipia mimi. Tukae basi tudaiane?" Dallas ana hasira zake mpaka leo. Ila jana nimemwona kwa macho yangu amesimama nje ya ile saluni, kofia mkononi, haingii wala haondoki. Nikamwacha.

Miaka minne. Orpha aliipata miaka minne. Alimwona Nedra anaolewa. Alimshika mjukuu. Alikata nywele mpaka wiki tatu kabla ya kuondoka, ameketi kwenye stuli kwa sababu miguu imekataa. Mzee Propst yuko hai, yuko anasikiliza, najua. Bi Beulah yuko hai. Mimi nimesoma kidogo, shule ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni, na mahesabu makubwa ya serikali siyawezi. Lakini hayo ya watu walio hai, majina yao na nyumba zao, nayaweza.

Sasa nisikilizeni. Mswada umerudi. Umepewa jina jipya, jina zuri, lakini nimeusoma, na waliosoma kuliko mimi wameniambia: ni ule ule. Wagonjwa wa kudumu watengwe, mfuko ukiisha wasubiri. Unasomwa bungeni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi.

Orpha aliujua. Bi Wilda anasema wiki ya mwisho alikuwa anasinzia na kuamka, na kila akiamka anauliza, "Wameshausoma?" Wakimwambia bado, anasema, "Basi bado niko." Jumamosi usiku aliuliza mara ya mwisho. Wakamwambia bado. Akasema, "Nedra, utaenda wewe." Halikuwa ombi.

Jana Mheshimiwa Teter alinipigia simu hapa redioni. Alitaka kujua saa ya mazishi. Kisha akaniambia, "Safari hii wananibana sana huko juu. Na yeye hayupo."

Nikamjibu, na nilikuwa nalia, sitaki kuwadanganya. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sisi tupo."

Kwa Nedra na mumewe, kwa Bi Wilda, kwa mjukuu ambaye atasimuliwa haya akikua, redio hii inatoa pole. Poleni sana. Mmetugawia mtu wenu kwa muda mrefu, na hamkutunyima. Mungu awape nguvu ya kubaki bila yeye.

Na kwenu wasikilizaji wapendwa, mzima na mgonjwa, uliyempenda Orpha na uliyekorofishana naye. Usiku huu, kabla hujazima taa, mfikirie mtu mmoja tu unayemjua ambaye anaishi kwa dawa ya kila siku. Mmoja. Mwone uso wake. Kisha jiulize ungemwonyesha mahali gani akasubirie.

Mazishi ya Orpha ni Jumamosi, saa nane mchana, kanisa la juu kilimani. Mswada unasomwa Jumanne, saa nne asubuhi, makao makuu ya jimbo. Narudia: mazishi Jumamosi, mswada Jumanne. Mabasi yataondoka kanisani Jumanne alfajiri, na yana nafasi za viti vya magurudumu na mitungi ya hewa. Nedra atakuwa basi la mbele.

Jumamosi tulie. Jumapili tupumzike. Jumatatu tupike chakula cha safari, tupige pasi nguo, tulale mapema.