Wasaidizi wa Marisela

Asubuhi hiyo jaji wa Fresno, California, alikataa kumwekea Marisela, mwenye ulemavu wa akili, msimamizi wa kumwamulia kila kitu, na sasa, wakirudi nyumbani, Marisela alitaka basi zima lijue, ingawa hakuna aliyeuliza. “Naamua mwenyewe. Wasaidizi nimewachagua: dada anieleweshe mambo ya benki, mama ya hospitali.”

“Na ya wanaume?” akadakia bibi wa kiti cha mbele.

“Hayo mama hayamhusu. Tumeandikiana mkataba.”

Bibi akamruka Marisela, akamgeukia mama mtu aliyekaa kando yake. “Na akikosea, mwenzangu?”

“Muulize mwenyewe, si huyo hapo?”

“Bibi,” akasema Marisela, “hujapata kuolewa na mtu asiyefaa?”

“Mara mbili.”

“Jaji alikuwekea msimamizi?”

Marisela akavuta kamba ya kengele, na basi likasimama pale alipotaka yeye.