Sista Akai Hakuuawa na Sindano

Waombolezaji wapendwa, haya ndiyo maisha ya dada yetu Priscilla Akai Lochakapong kama familia inavyoyajua. Yale mengine mliyoyasikia sokoni hayamo humu.

Sista Akai alizaliwa Kanamkemer, Lodwar, tarehe 3 Machi 1967, kifungua mimba wa marehemu Mzee Lochakapong na Mama Nakeno. Utotoni aliugua ugonjwa ulioharibu vali ya moyo wake. Daktari alimkataza kukimbia. Alikimbia.

Alisoma hapa Lodwar, na mwaka 1989 akahitimu uuguzi Nakuru. Alianza kazi katika zahanati moja Lokichoggio, kisha mwaka 1998 akahamia kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikohudumu hadi mwisho. Wajawazito walimwogopa na kumpenda, kwa sababu alifoka kwanza, halafu akawapikia uji.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Byron Odongo, dereva wa lori la misaada. Shemeji alipoleta mahari, wazee walimkataa mbuzi mmoja aliyekohoa. Bibi harusi akatoka ndani, akamkagua mwenyewe mbuzi wa mahari yake, akatangaza kwamba ni vumbi tu. Tulicheka mpaka basi.

Mwaka 2012 kliniki yake ilianza kuchanja wahudumu, wazee na wajawazito dhidi ya homa ya mafua. Uvumi ulitangulia: sindano inaua, sindano inafunga kizazi. Akai alitoa kiti nje, akachanjwa wa kwanza mbele ya foleni. Mwaka huo huo alishikwa na mafua, na Mzee Lokuruka, mfugaji jirani, hakumwacha.

"Sista, si ulichanjwa? Mbona kamasi?"

"Mzee, mbuzi yako ukichanja, zote zinapona?"

"Si zote."

"Na mwaka ingine unaleta tena?"

"Naleta. Nisipoleta zitaisha."

"Basi leta na mkono yako."

Alileta. Akai hakumdanganya mtu kamwe. Alisema mkono utauma, mwili huenda ukapata joto siku moja au mbili, na homa bado inaweza kukupata, ila hatari ya kulazwa na kufa inapungua. Alisema pia kwamba virusi hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa, na kwamba moyo kama wake usingestahimili homa kali.

Tangu Januari 2013 moyo huo ulikuwa ukishindwa. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Mei alichanjwa tena. Juni alilazwa Lodwar, na Ijumaa tarehe 14 akafariki. Daktari ameandika kwamba ni moyo, na sisi tunalisema kwa sauti. Wapo waliokula kwenye matanga yetu huku wakinong'ona kwamba alichanjwa akafa. Ndiyo, alichanjwa. Alikunywa chai pia, akasukwa nywele. Mbona chai haishtakiwi? Tumekasirika na hatufichi. Tangu afariki, akina mama wanafika kliniki na kugeuka mlangoni bila kuchanjwa, watoto wao wakiwa tumboni. Mnataka tuizike kazi yake pamoja naye. Hatukubali.

Ameacha mume wake, Byron Odongo. Binti zake, Ashley na Nakaale. Na sisi wadogo zake. Ameacha pia mama yetu, Mama Nakeno, aliyepita miaka sabini. Jana, akiwa amevua shanga zake zote kwa msiba wa mwanawe, Mama aliketi uani mbele ya waombolezaji, akamwita Félicité, muuguzi aliyefanya kazi na Akai na aliyekuja kutoka Kakuma na kisanduku cha chanjo kama Mama alivyomwagiza.

"Dunga," alisema. "Mwenye anasema hii kitu iliua mtoto yangu, akuje aniangalie."

Félicité alikuwa akilia. "Mama, leo uko na huzuni. Tungojee kwanza?"

"Tungojee nani? Akai?"

Akadungwa. Yuko pale kwenye kiti cha mbele. Mkono unamuuma kidogo, na amekataa kushikwa. Mwangalieni vizuri. Jumatatu tunampeleka Kakuma akakae kwenye benchi la kliniki ya binti yake, ili akina mama wakifika wamkute.

Mungu ampumzishe Akai wetu kwa amani.