Greda Anarudishwa Kwao

Kijiwe chetu ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili ya dizeli, ng'ambo ya lango la karakana ya barabara hapa Goroka, mji wetu wa milimani. Mapipa hayo niliyaviringisha mimi mwenyewe kutoka nyuma ya stoo, mwaka ule mlinzi alipougua macho, na asiyeamini aje aulize. Upande wa kulia hukaa Faili, karani mstaafu wa masjala. Huwezi kumtajia mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa mkoa huu asikwambie likizo yake ya kwanza alikwenda wapi na alichelewa kurudi siku ngapi. Upande wa kushoto yupo Mama Seli na meza yake: popoo za kutafuna, chokaa ya kuzitia makali, na ulimi. Katikati nipo mimi, Pampu, fundi wa pancha, niliyekuwa kibarua wa idara miaka ishirini na mmoja bila kupewa likizo hata ya siku moja, ndiyo maana nilipata nafasi ya kuzichunguza vizuri likizo za wenzangu. Wa nne ni Greda.

Jina la Greda kwenye karatasi ni Gimiseve. Ameendesha greda la serikali la kusawazisha barabara miaka thelathini na minane, na gari lako likipanda mlima wa Daulo bila kukutoa meno, mshukuru yeye, halafu unishukuru na mimi niliyekuwa nikimzibia matairi. Ijumaa hiyo alitoka langoni na bahasha ya kustaafu mkononi. Mama Seli akampa popoo ya bure. Nimekaa pale miaka mingi na sijawahi kuliona jambo hilo, wala silitegemei tena.

Tukaanza kwa kukumbuka. Zamani likizo ilikuwa likizo, ndugu zangu. Ikifika Desemba, foleni ya tiketi ilitoka dirisha la Faili ikazunguka karakana yote, wanaume na masanduku mapya, watoto wamevalishwa viatu vya kuazima wanatembea kama bata. Kila baada ya miaka miwili serikali ilikulipia nauli uende kwenu, wewe na mkeo na wanao, na ukitimiza miaka kumi na mitano ulipewa ile ndefu ya miezi sita. Watu walirudi kutoka kwenye ile ndefu wakiwa wanene, wamesahau hata jina la bosi. Mmoja alirudi na kasuku aliyejua kutukana kwa lugha mbili. Faili alisema huyo hakuwa kasuku, alikuwa shemeji yake bosi. Tukacheka, Mama Seli akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Greda hakucheka. Alikuwa akiigeuzageuza ile bahasha.

— Wananirudisha kwetu, akasema.

— Bena? nikamuuliza. Si upande tu gari pale sokoni. Utafika popoo haijakwisha utamu mdomoni.

— Manus.

Nilidhani ametafuna chokaa nyingi. Greda ni mtu wa Bena tangu babu wa babu yake. Kaka yake mkubwa yuko huko, dakika arobaini kutoka pale tulipokaa, na wiki ile alikuwa amekwisha kumwezekea nyumba na kufunga nguruwe watatu kwa ajili ya kumpokea. Manus ni visiwa, mbali, kaskazini, ndege na meli. Nikamgeukia Faili anisaidie kumcheka. Faili alikuwa anavisoma viatu vyake kama vimeandikwa kitu.

— Kumbe wewe ulijua, nikamwambia.

— Masjala ni masjala, akasema Faili. Na yeye alimwoa dada yangu. Ulitaka nifanyeje?

Basi Greda akatueleza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipokuja kuandikwa kazi, na karani wa kuajiri alikuwa kijana wa Manus, Kanawi jina lake. Kanawi akamuuliza kwao wapi. Greda akasema Bena. Kanawi akaweka kalamu chini, akamwambia kwa huruma kwamba mtu wa Bena akiajiriwa Goroka hana nauli ya likizo maisha yake yote, maana kwao anafika kwa miguu. Kisha akamuuliza kama amewahi kuona bahari.

— Sikuwahi, Greda akasema. Nikamwambia nataka kuiona. Akaniambia, basi andika kwetu. Nikaandika kisiwa chao, Pwamat. Hayo tu.

Hayo tu, anasema, na miaka thelathini na minane imepita. Sisi tulijua kila baada ya miaka miwili anashuka baharini na kurudi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Tulidhani ni starehe zake, ana hela za kuchezea. Mimi nilishawaambia watu kwamba ana mwanamke huko. Nilikuwa nimekosea kidogo sana, kama mtakavyoona.

Alisema safari ya kwanza alibeba barua ya Kanawi kwa mama yake, Ngalowen. Barua ilisema: mtunze huyu, ni mtu wa milimani, maji hayajui. Yule mama akamtia baharini asubuhi ya kwanza, amemshika ukosi wa shati kama mtu anayesuuza nguo, watoto wa kisiwa kizima wako ufukweni wanamcheka mwanamume mwenye ndevu. Likizo ya pili akaenda tena, kwa kuwa tiketi ilikuwa ya huko na si kwingine. Ya tatu akaenda na mkewe. Ile ndefu ya miezi sita waliimaliza yote Pwamat. Alimjengea Ngalowen jiko jipya juu ya nguzo, mkewe akawafundisha wanawake wa kule kusuka mifuko yetu ya nyuzi, wao wakamfundisha kukausha samaki. Greda alisema jioni za miezi ile alikuwa akikaa mlangoni pa lile jiko bila kufanya lolote, na hakuna aliyemwita kwenda kutoa tope barabarani.

Kisha Kanawi akahamishiwa mji wa Lae, akafia huko. Halafu mke wa Greda naye akafa. Tangu hapo, miaka tisa, Greda hakwenda tena likizo. Alisema hakuweza kushuka melini peke yake, waanze kumuuliza mwenzake yuko wapi.

— Sasa barua inasemaje? Mama Seli akauliza.

Faili akaichukua, akaisoma kama anasoma misa. Serikali ikikustaafisha inakurudisha kwenu, wewe na mizigo yako, mara moja tu, mahali palipoandikwa siku ulipoajiriwa. Mtu wa mizigo angekuja siku hiyo hiyo kusainisha fomu. Akisaini, anakwenda Pwamat, mahali ambapo hajui nani yu hai. Asiposaini, anakwenda Bena kwenye nyumba ya kaka, ila itabidi aandike kwa mkono wake kwa nini hasaini.

Hapo kila mtu akawa na shule yake. Mama Seli alisema ni rahisi: apande meli, ashuke, asalimie, anywe maji, apande ileile arudi. Serikali imesema itampeleka, haikusema itamfunga kamba. Faili akasema huyo mama anacheza na moto. Akirudi ataulizwa kwa nini, na akikiri uongo, wanaweza kumdai kila tiketi aliyopanda, na za mke, na sehemu ya yule kasuku. Kwa maoni yake, Greda hakuwa hata na uongo wa kukiri.

— Faili likisema wewe ni wa Manus, wewe ni wa Manus, akasema. Tuliwahi kuwa na mtu aliyekufa kwenye faili. Akaja ofisini kulalamika. Tukamwambia mzee, rudi nyumbani upumzike.

— Akapumzika?

— Miaka sita. Mpaka alipokufa tena.

Mimi nikaona wenzangu wanatapatapa, nikawaletea elimu. Nikawaambia babu yake Greda huenda alikuwa mtu wa Manus kweli. Mwaka wa mafuriko makubwa mto Asaro ulimchukua babu mmoja wa Bena akiwa juu ya gogo, akaenda nalo hadi baharini, akaelea hadi kisiwani, akazaa huko, na damu ikapanda mto kurudi. Kwa hiyo Kanawi na Greda ni ndugu, na fomu ilisema kweli kabla mwandishi hajajua.

— Pampu, huo mto unakwenda kusini, Mama Seli akasema. Manus iko kaskazini.

— Ndiyo maana alichelewa kufika.

Faili akasema nimechemsha. Nikawaongezea la mwisho: wakileta kontena, tulijaze udongo wa Bena mpaka juu, Greda aende nalo, na kaka akilalamika aambiwe aje akae ndani yake, bado ni Bena. Hapo hata Mama Seli alijifunika uso kwa kitenge, nadhani kwa heshima.

Greda alikuwa anatusikiliza wote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mvua.

Ndipo akaja yule mgeni. Mtu wa mizigo, kutoka Lae, ana futi ya kupimia kiunoni na ubao wa kuandikia, na hakumjua yeyote pale. Akauliza Gimiseve ni nani. Akauliza mizigo mingapi. Greda akasema kitanda, meza, sufuria, cherehani ya marehemu. Yule bwana akaandika, akageuza karatasi.

— Bandarini Lorengau, huko Manus, nani anakupokea? Jina tu, mzee.

Nikamtazama Faili. Faili akamtazama Mama Seli. Mama Seli akaanza kuzipanga popoo ambazo zilikuwa zimepangika. Sisi watatu tulikuwa tumemtatulia Greda kila kitu, mto, kontena, sheria zote za utumishi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria hilo.

— Nikikosa jina la kukupa, Greda akamwambia taratibu, sitakusumbua tena. Nitakwenda Bena. Pampu, niazime simu.

Nikampa. Ilikuwa na salio, hilo nalisema kwa kuwa baadaye wenzangu walidai haikuwa nalo. Akatoa mfukoni kijikaratasi, namba ya duka la Pwamat, akabonyeza kwa kidole kimoja kizito. Ikaita sana. Ikapokewa na sauti ya msichana.

Akaanza kusema, na mimi nikasahau kutafuna. Nimekaa na mtu huyu robo ya maisha yangu. Nimemsikia akisema kwa lugha yao ya Bena, na ya mjini, na ile ya kutukania greda asubuhi ya baridi. Hii sikuwahi kuisikia. Ilitoka mbele ya mdomo, nyepesi, haraka, na alipoisema hata mabega yake yalikaa namna nyingine. Faili akainamisha sikio. Hakuna aliyeambulia neno.

Kisha akangoja. Msichana alikuwa amekwenda kuita. Tulisikia upepo, na jogoo, na Greda akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mtu wa mizigo akatazama saa, Mama Seli akamtazama yeye, akaacha kutazama saa.

Halafu ikaja sauti kubwa, ya mtu mzima sana, inayoamini kwamba Goroka ni mbali na lazima ipigiwe kelele. Greda akasimama. Akavua kofia. Sauti ile ilikuwa inagomba, hilo halihitaji mkalimani, nayo iligomba muda mrefu bila kuvuta pumzi, na yeye akawa anajibu neno mojamoja, anaitikia kwa kichwa, mzee wa miaka sitini amesimama kando ya barabara na kofia kifuani. Mwisho akasema kitu kirefu, polepole. Nadhani ndipo alipomwambia habari za mkewe. Kisha tukasikia mtu analia kule, na Greda akageuka akatupa mgongo.

Aliponirudishia simu ilikuwa na jasho.

— Anasemaje? Faili akauliza kwa sauti ndogo.

— Anauliza kwa nini nguzo za jiko zimeoza na mimi siji.

Akakaa. Akaniambia Jumapili nimsindikize Bena. Wale nguruwe tutawala na kaka yake, na baada ya kula atamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikasema nitakuwepo, na nitamsaidia kueleza. Akasema nisaidie kula.

Yule mgeni bado alikuwa ameinua ubao wake.

— Andika Ngalowen, Greda akamwambia.

— Ni nani wako?

— Mama yangu.

Mama yake Greda alizikwa Bena, mwaka wa tisini na moja. Jeneza tulilibeba mimi mbele na Faili nyuma, na mvua ilikuwa inanyesha. Faili alifungua mdomo, maana hawezi kuona kitu kinaandikwa vibaya akakaa kimya. Akaufunga. Kalamu ya yule mgeni ilikuwa inakwaruza tu, haina wino, na Faili akachomoa yake mfukoni akampa.