Kompyuta Mpya

Feri ilipoondoka Likoni, Nyamvula alikuwa anakwenda mjini kujiandikisha kwa masomo ya jioni ya kompyuta. Kando yake, Mzee Mwidani, karani aliyeachishwa kazi bandarini, alikuwa akizungumza na muuza mahamri asiyemjua, na feri haina siri.

"Nimesoma mwaka mzima, mwanangu, na cheti nikapata."

"Hongera, baba. Na kazi je?"

"Wallahi, nilipokwenda kuomba, nilikuta washaleta kompyuta mpya. Ile niliyosomea mimi washaitupa."

"Si urudi darasani?"

"Nikimaliza, watakuwa wameleta nyingine. Mimi nazeeka, mashine zinazaliwa."

Feri ikafika, watu wakashuka. Nyamvula alibaki amekaa, akingoja imrudishe Likoni.